Mtama Uliokosa Usiku

Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Walioanza ni watoto wa kaka yake, aliowalea baada ya mama yao kufariki, kisha jina likashika hata kwa waliomzidi umri. Mwuza mkaa, mzee mwenye ndevu nyeupe pe, alikuwa akimpigia kelele kila asubuhi, "Shangazi, leo gunia au kopo?" Naye humjibu bila kugeuka, "Mtoto wewe, nawa uso kwanza ndiyo uniulize."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Sala hakuikosa, na hakumsema mtu aliyeikosa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lenye paa jeusi kwa masizi. Ukiingia humo jikoni na kuinua macho, ungeona masuke ya mtama yaliyofungwa kwa kamba na kuning'inizwa juu ya meko, yapate moshi ili dumuzi wasiyaguse. Punje zake zilikuwa nyekundu kama udongo uliochomwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wake, na huko nyuma hakuna aliyekumbuka tena.

Mtama ule ulikuwa na tabia yake. Uupande mvua ya kwanza inaponyesha, au uchelewe mwezi mzima, ulikuwa hautoi suke mpaka siku zake zifike. Waliowahi na waliochelewa walivuna pamoja. Mvua zilipoanza kuaga na usiku kurefuka, basi shamba zima lilitoa masuke kwa wakati mmoja, na punje zilikauka juani bila kuota ukungu. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtama huo una saa yake kifuani, na mtu asijisumbue kuuharakisha.

Mwaka uliotangulia Shangazi hakupanda. Alikuwa kitandani kwa mama yake, anamgeuza, anamlisha, mpaka Mungu alipomchukua. Kwa hiyo mbegu ilikuwa imekaa juu ya moshi miaka miwili, na mtama haukai zaidi ya hapo bila kufa. Akaipanda yote. Alipukuchua masuke, akakung'uta hata kamba zilizoyafunga, asibakize punje. "Ikifa hii," alimwambia mumewe, "mama atakuwa amekufa mara mbili."

Mumewe walimwita Kamanda. Hakuwahi kuwa jeshini hata kwa kupita. Alikuwa mlinzi wa usiku katika yadi ya vifaa vya ujenzi, na jina alilipata kwa ajili ya viatu vyake vya buti vilivyomzidi miguu, vilivyokuwa vikigonga barabara kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mrefu, mpole, mtu wa kucheka kwa mabega. Shamba lao la zamani bondeni lilikuwa limeuzwa na wenye ardhi likajengwa nyumba, hivyo Tajiri, mwenye yadi, akawaruhusu walime kipande kilicho nyuma ya uzio wake. Udongo wa hapo ulikuwa mzito, unashika maji. Shangazi alishukuru.

Kabla ya mvua za mwaka huo, wezi walivamia yadi. Walibeba mabati, wakamvunja mkono mlinzi mwenza wa Kamanda. Yule bwana alipotoka hospitali hakurudi hata kuchukua koti lake. Tajiri hakuajiri mwingine. Badala yake alisimamisha nguzo ya chuma nyuma ya yadi na kufunga taa kubwa nyeupe, ambayo ilimulika uzio, ikamulika rundo la mabati, ikamwagikia shamba lote.

Kamanda aliipenda taa ile kama ndugu. "Sasa hata sisimizi akipita namwita kwa jina lake," alisema.

"Na yeye akuite Kamanda," Shangazi akajibu, "apige saluti."

Mtama uliota vizuri. Ukakua, ukapita kiuno, ukampita Shangazi, ukampita Kamanda, na bado ukaendelea. Watu walisimama barabarani kuusifia. Majani yalikuwa mapana, ya kijani iliyoiva mpaka ikawa karibu nyeusi. Kisha mvua zikaanza kupungua, asubuhi zikawa na baridi, usiku ukarefuka kama kila mwaka. Siku za mtama zikafika.

Suke halikutoka.

Shangazi alingoja. Kila asubuhi aliingia shambani, akashika shina moja baada ya jingine, akalibonyeza pale juu ambapo mtama hubeba mimba kabla ya kutoa. Palikuwa pembamba, pameshikana, majani ndani ya majani. Jirani aliyepanda mtama mfupi wa dukani alikuwa ameshavuna na kuanika. Huu wa kwake ulikuwa bado unapanda juu, unatoa jani jipya, na jingine tena, kama mtu anayezungumza peke yake bila kufika anakotaka kufika. Na hata siku isiyo na upepo, ukipita kando yake, ungesikia unapapasana.

Waliosifia wakaacha kusifia. Mama mmoja jirani, aliyependa kuja kuchota habari kwa kisingizio cha kuomba chumvi, alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Shangazi, usinielewe vibaya. Mtama ule una mtu."

"Una mtu ndiyo. Mtu mwenyewe ni mimi, na mgongo unaniuma kwa kuulima."

"Mimi nakwambia tu."

"Umeniambia. Chumvi hiyo hapo."

Lakini yule mama alipoondoka, Shangazi alikaa kwenye kigoda na mikono ikawa haina kazi. Aliomba. Hakumwomba Mungu ampe mavuno. Aliomba aonyeshwe kosa lake liko wapi.

Wiki hiyo akapita bibi shamba, msichana mwenye pikipiki na mabuti ya mpira, aliyezoea kunywa chai katika nyumba ile. Akaingia shambani, akachana shina moja kwa kisu, akalitazama ndani. Alidhani ni mbolea imezidi. Kisha Shangazi akampeleka nyuma ya tangi la maji la yadi, lililosimama kati ya nguzo na kona ya shamba.

"Hapa kulikuwa na mashina machache yaliyotoa," alisema. "Yalitoa kwa wakati wake kabisa. Lakini kwa kuwa yalikuwa peke yake, ndege wote wa dunia walikuja hapa. Tazama."

Masuke yalikuwa pale, juu ya mashina, yamebaki vijiti vitupu. Hakukuwa na punje hata moja, wala chini.

Bibi shamba aliyagusa moja baada ya jingine. Jua lilikuwa limezama. Ndipo taa ya yadi ikawaka, na shamba lote likawa jeupe ghafla, isipokuwa pale waliposimama wao. Kivuli cha tangi kilikuwa kimelala juu ya yale mashina machache, kimeyafunika barabara, kama kilichokatwa kwa mkasi.

"Mama," alisema taratibu, "taa hii inawaka usiku kucha?"

"Mpaka asubuhi. Ndiyo inayomlinda mume wangu."

"Ndiyo inayoua mtama wako."

Wakaenda kukaa jikoni, na yule binti akamweleza. Alisema mbegu ina urithi wake, kama mtoto anavyozaliwa na masikio ya babu yake. Mtama wa mama yake Shangazi ulikuwa umerithi kitu cha kupima urefu wa giza. Giza likiwa fupi, unasema bado. Likirefuka mpaka kiwango chake, unaacha kutoa majani na kuanza suke. Joto na maji vinaweza kuusogeza mbele au nyuma kidogo, lakini ruhusa unaipata kwa usiku.

"Na ule wa jirani, mbona umetoa?"

"Ule wa dukani umezalishwa kwa kuchaguliwa, vizazi na vizazi, mpaka kile kipimo kikapotea. Ukimaliza majani yake unatoa suke, kuwe na taa au kusiwe na taa. Wako unasubiri usiku, na hapa usiku hauingii."

Shangazi aliguna. "Kwa hiyo unangoja."

"Unangoja. Na mvua zikikatika kabisa, utakufa ukingoja."

"Ikizimwa je?"

"Ikizimwa sasa hivi, labda. Giza kamili, wiki kadhaa. Ukiona shina limevimba pale juu, limebeba mimba, basi mwashe mnavyotaka. Ukishakata shauri kutoa suke haurudi nyuma."

Asubuhi Kamanda aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe amekaa na chai imepoa. Akamweleza yote. Kamanda alivua buti moja, akabaki ameishika mkononi.

"Sasa unataka nilinde kwa pua?"

"Sijasema uizime. Nimekwambia tu alivyosema."

"Mke wangu, miaka yote hii umewahi kuniambia kitu ‘tu’?"

Akacheka kwa mabega, kisha akaacha kucheka. Alimfahamu mkewe, na alifahamu kilichomo shambani. Alikuwa ndiye aliyembeba yule mama mkwe kwenda kuoga, mwaka mzima, wakati wengine waliona haya. Akavua buti ya pili.

"Taa ya mbele itabaki. Ya nyuma naizima. Tajiri usiku haji. Anaogopa mbwa wake mwenyewe. Mtama utoe suke lake, na mimi nitapata kulala vizuri."

"Wewe hulali kazini."

"Nani kakudanganya?"

Jioni ile aliizima kwa mkono wake. Shangazi alikuwa kwenye uzio. Giza liliingia shambani kama maji yanavyoingia mfereji uliofunguliwa, na kwa mara ya kwanza katika mwaka huo hakuliona jani hata moja. Alishukuru Mungu kwa sauti. Ndipo akasikia mashina yanapapasana huko ndani, na akatamani kuwa ameshafika nyumbani.

Siku za kwanza hazikuwa na neno. Kisha mbwa wa Tajiri akapotea. Kamanda alisema labda amepata mchumba. Kisha asubuhi moja Shangazi aliingia shambani akakuta mashina yameinamishwa, mengine yamevunjika, kwenye mstari ulionyooka kutoka barabarani mpaka kwenye uzio. Mtama ule mrefu, ambao mtu angeweza kupita ndani yake asionekane hata kofia, ulikuwa na njia katikati. Alama za miguu zilikuwa za viatu vya raba. Hazikuwa za buti.

Alimsubiri mumewe mlangoni.

"Washa taa."

"Shina limevimba?"

"Achana na shina. Kuna mtu anapita shambani. Washa."

"Wapita njia hao, wanakwenda haja."

"Mpaka kwenye uzio?"

Kamanda alikaa chini. Safari hii hakufanya mzaha. "Tukiwasha leo, siku zote tulizoizima zimepotea. Mvua zimeshakwenda, udongo umebaki na unyevu kidogo tu. Hatuna mwaka mwingine wa kujaribu, wala punje moja ya kupanda. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Nami nasema basi. Tumeshindwa, basi."

"Wewe ndiye uliyesema mama atakufa mara mbili."

"Nilisema. Wewe je, utakufa mara ngapi?"

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Akaweka mkono mdomoni. Kamanda alimtazama kwa upole ule wake, akamwambia aweke maji ya kuoga, na mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa mpole, lakini akikata shauri hata ng'ombe wawili wasingemvuta.

Tangu siku hiyo Shangazi alikwenda shambani mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, akibonyeza mashina kama daktari anayetafuta mapigo. Aliomba ule uvimbe kama watu wanavyoomba mvua. Na siku moja, jua likiwa limeinama, akalishika shina la ukingoni na vidole vyake vikakataa kufunga. Palikuwa pamejaa. Akashika la pili, la tatu, akakimbia mpaka katikati. Yote. Shamba zima lilikuwa limebeba mimba.

Alikwenda yadi akikimbia, kanga mkononi. Kamanda alikuwa ndiyo kwanza amefika, anafungua kibanda chake.

"Umebeba! Wote! Washa taa, Kamanda, washa sasa hivi!"

"Nilikwambia nini?" Alicheka, akamshika bega. "Nilikwambia nini, mama wee?" Akaingia kibandani akabonyeza swichi.

Taa haikuwaka.

Akabonyeza tena. Wakatoka pamoja, wakazunguka nyuma. Jua lilikuwa bado linatosha kuona. Waya uliokuwa umepanda kwenye nguzo ulikuwa umekatwa juu na chini, na kipande chote cha katikati hakikuwepo. Penye mkato palikuwa safi, panang'aa. Aliyefanya hivyo alipanda nguzo bila haraka, ndani ya yadi, siku ambazo taa haikuhitajika na hakuna aliyeitazama.

Kamanda alimpigia Tajiri simu. Ilimbidi aeleze kuwa taa ilikuwa imezimwa, na kwa nini. Shangazi alisikia sauti ya Tajiri ikipanda na kushuka, kisha Kamanda akisema ndiyo mzee, ndiyo mzee, nimekosa. Fundi wa umeme angekuja asubuhi.

"Twende nyumbani," Shangazi alisema.

"Na yadi?"

"Waibe. Waibe yote."

"Nikiondoka leo na waya umekatwa, kesho watasema mimi ndiye niliyewafungulia geti. Nenda. Pita barabarani, usipite kwenye mtama. Na uniombee, kwa kuwa wewe unasikilizwa haraka."

Alimwombea. Alipiga magoti mpaka magoti yakafa ganzi. Majibu ya Mungu hayakufanana na maombi yake, na kwa nini, ni Yeye anayejua.

Dereva wa lori aliyekuja kupakia saruji asubuhi ndiye aliyekuta geti wazi. Kamanda alikuwa amelala kifudifudi karibu na mahali palipokuwa na rundo la mabati. Mabati yalikuwa yamekwenda. Buti moja ilikuwa mguuni, nyingine imebaki kwenye njia iliyokatisha mtamani. Alikuwa ametoka kuwafukuza, kisha akajikokota kurudi mpaka hapo. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Masuke yalitoka wakati wa matanga. Waombolezaji waliokuja kutoka upande wa yadi waliyaona yakichomoza juu ya majani, mabichi, manene, kila shina na lake, na walipoingia uani waliinamisha macho wasimtazame mjane. Tajiri alishafunga waya mpya, tena akaongeza taa ya pili. Mtama haukujali tena. Ulikwisha kuambiwa.

Kaka yake alitaka kuufyeka. "Dada, niruhusu. Nauchoma leo, tusiuone."

"Utaugusa ukishanizika," Shangazi alimjibu. Ilikuwa mara ya kwanza anazungumza siku hiyo.

Aliuvuna peke yake. Alifunga masuke kwa kamba, akayaning'iniza juu ya meko mpaka paa halikuonekana. Mdomo wake wa haraka ulikuwa umepoa. Mwuza mkaa bado alipita asubuhi, lakini alikuwa akiacha kopo mlangoni na kwenda zake.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, alianza kutafuta shamba. Lile la nyuma ya yadi halikuwa la kuzungumzia. Lakini kifo cha Kamanda kilikuwa kimeutisha mtaa. Mwuza mkaa alifunga taa juu ya kibanda chake. Jirani wa chumvi alifunga mbili. Viongozi wa mtaa walichangisha watu na kusimamisha nguzo barabara nzima, mpaka bondeni, na kila taa ilipowashwa watu walisema, laiti ingekuwepo siku ile. Shangazi hakuweza kumlaumu yeyote. Kila moja iliwashwa kwa ajili ya mumewe.

Bibi shamba alimletea mfuko wa ule mtama mfupi. "Huu hautakusumbua, mama. Huu hauna habari na usiku."

Shangazi alishukuru, akauweka kando ya mlango. Haukufunguliwa.

Kila siku jua likielekea kuzama alitoka na kufuata barabara mpaka nguzo zilipoisha, kisha akaendelea. Alitazama taa zikiwaka moja moja mbele yake. Siku moja alifika kwenye nyumba ya mwisho kabisa, iliyokuwa na shamba tupu nyuma yake, na huko nyuma kulikuwa kumeanza kuwa kweusi. Mwanamke kijana alikuwa barazani anachambua maharage, mtoto ameshika kanga yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Samahani, mwanangu. Lile shamba lenu la nyuma, usiku linaingia giza?"

Mikono ya yule mwanamke ilisimama juu ya ungo. "Giza?"

"Giza kabisa. Hakuna taa inayofika?"

Sauti ya mwanaume ikatoka ndani. "Ni nani huyo?"

"Ni mama mmoja. Anauliza kama kwetu kuna giza."

Kiti kilisukumwa huko ndani. Mwanamke alisimama, akamvuta mtoto nyuma yake.

"Utusamehe, mama," alisema, na hakuwa mkali, alikuwa anaogopa. "Tangu yule mlinzi auawe, jioni hatuzungumzi na mtu tusiyemjua."

Shangazi alifungua mdomo amwambie yeye ni nani kwa yule mlinzi. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Komeo likapita, kisha juu ya kizingiti taa ikawaka, ikammulika pale aliposimama, ikavuka ua, na kulifikia shamba.